Mjomba Hakuambiwa Kwanza

Likizo ile kaka alirudi Kitomanga na habari kwamba amepata nafasi ya kwenda ng'ambo, miaka minne, kusomea shahada ya udaktari katika uhandisi wa kemikali. Alimwambia baba pale pale uani, kabla hata hajavua viatu. Baba akafurahi, akatangaza msikitini. Kosa likawa hilo. Kwetu, safari ya mtoto huambiwa kwanza mjomba, ndugu wa mama. Baba husikia kutoka kwake. Kaka alikaa mjini mno, akasahau.

Mama alirudi kutoka kwa mjomba uso umemshuka. "Kasema kwenye dua ya kumuaga haji. Na asipokuja yeye, mtoto anaondoka mtupu."

"Pasipoti ninayo," kaka akasema, akajaribu kucheka. Lakini ugali hakuugusa.

Kesho yake tukaenda wawili, mimi nimebeba jogoo wa kuombea radhi. Nilishukuru kuwa naye, maana mbele ya mjomba nilipata pa kutazama. Nyumba ya mjomba ni ya mwisho katika mstari wa kijiji chetu kipya cha ujamaa. Mikorosho yake imebaki mahame, kule tulikohamishwa, huifuata kwa miguu. Tulimkuta barazani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa yale mafuta ya ganda yanayounguza ngozi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Jogoo huyo wa msiba? Maana siku hizi habari zangu nazipata kwa majirani."

Kaka akaomba radhi. Akaeleza kwamba anakwenda kusomea mafuta hayo hayo: namna ya kuyakamua na kuyasafisha kiwandani, yatumike kutengeneza rangi na breki za magari.

"Miaka minne, ganda tu! Sisi ganda tunatupa. Kiini utakifikia lini, uzeeni?"

Nikacheka. Ndipo akaniona.

"Na wewe, bubu wa sekondari, wasemaje? Aende?"

Nikamwelekezea jogoo jibu langu, maana mjomba nilishindwa kumtazama: "Mimi sitaki aende. Lakini akienda umemnunia, atakuwa huko roho iko huku."

Mjomba akajifikicha vidole kwa majivu. "Nitakuja. Ila habari ianze upya. Mimi ndiye nitakayemwambia baba yenu, naye awe kama hajasikia kitu."

Jioni ile tulikaa mkekani kama wageni ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mjomba akakohoa, akaisema habari. Baba, aliyekwisha kuuambia msikiti mzima, akalazimika kushangaa.

"Alaa!" Sauti kubwa mno, mama akajificha kwenye kanga asicheke. "Ng'ambo! Kwa muda gani?"

"Miaka minne, shemeji."

"Miaka minne," baba akarudia, safari hii polepole. Akamtazama kaka kama ndiyo kwanza anasikia. Nadhani ndivyo ilivyokuwa. Siku ile uani alisikia udaktari tu, miaka hakuisikia.

Mjomba hakumngoja aseme zaidi. Akainua viganja vyake vyeusi, akaanza dua.