Mfupa Uliotoka Kama Jino

Watu wakiniuliza mguu wa binti yangu ulianza vipi, huwajibu kwa maneno machache tu: aliugua mfupa akiwa mdogo. Wengi huridhika. Wachache hutaka zaidi, na mara nyingi huwa sina nguvu ya kuendelea. Nimeona afadhali niyaandike mara moja.

Mimi ni Mkuria wa Kegonga, nimeolewa Ndhiwa kwa Wajaluo. Mume wangu hununua ng'ombe kwenye soko la Ogwedhi na kwenda kuwauza kwingine, kwa hiyo siku nyingi hayupo. Mimi huuza mahindi na maharagwe sokoni. Nyumbani tunaongea Kiswahili, maana Kijaluo changu kilichelewa kuja, na Kikuria hakuna anayekijua isipokuwa mimi.

Likizo moja nilimpeleka binti yangu kwa mama yangu, Kegonga. Alikuwa na miaka sita, meno ya mbele yameanza kung'oka. Akicheza na binamu zake kwenye shamba lililovunwa, alianguka, akachubuka kidogo chini ya goti. Hata hakulia. Kidonda kilikauka, tukakisahau. Kisha homa ikaja, na asubuhi moja akakataa kusimama.

"Mguu unauma ndani," aliniambia.

"Ndani wapi?"

Akanionyesha muundi, kisha akausukuma mkono wangu kabla sijamgusa.

Mama yangu alijaribu kumchua, mtoto akapiga mayowe mpaka jirani akaja kuona kuna nini. Tulimpeleka zahanati, akapimwa, akakutwa na malaria. Ni kweli alikuwa nayo. Watoto wengi wa kwetu ukiwapima hutawakosa nayo. Alipewa dawa, homa ikashuka, halafu ikarudi ikiwa kali zaidi, na mguu ukavimba hadi ngozi ikang'aa. Nilimfunga mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga, tukateremka hospitali moja mjini Migori. Huko waliupasua mguu na usaha ukatoka mwingi. Muuguzi aliyeshika beseni aligeuza uso.

Daktari alinieleza kwamba vijidudu vilikuwa vimepita kwenye damu vikaenda kukaa ndani ya mfupa. Nilimwelewa, lakini nilidhani mfupa nao hupona kama nyama. Tulilala wodini wiki nyingi, akidungwa dawa kwenye mshipa, na tuliporuhusiwa nilimshukuru Mungu nikaamini yameisha.

Mama mkwe alitupokea langoni. Alimtazama mjukuu wake akichechemea, akanitazama mimi.

"Nyar Kuria," alisema, ndivyo wanavyoniita hapa, binti wa Wakuria, "mtoto aliondoka hapa akikimbia."

Nilipompigia mama yangu simu, naye akasema, "Mtoto alikuja na huo ugonjwa kutoka kwa baba yake. Uliza vizuri huko." Kila mmoja alikuwa na hakika. Mimi nilikuwa na bandeji za kufua.

Kwa maana pale walipopasua palibaki tundu dogo, na tundu hilo halikuziba. Lilitoa maji ya manjano, likakauka, nikafurahi, kisha mguu ukawa wa moto na likafunguka upya. Hivyo ndivyo tulivyoishi mwaka huo na mwingine uliofuata. Asubuhi nachemsha maji na chumvi, naosha, nafunga. Jioni nafungua, nafua, naanika bandeji nyuma ya nyumba zisionekane na wapita njia. Harufu haikufichika. Shuleni wenzake walihama dawati lake. Kanisani siku ya Sabato alichagua benchi la mwisho karibu na mlango, bila kuambiwa na mtu, na mimi nikakaa naye huko. Kuna jirani aliyesema ni chira, yaani adhabu ya mwiko uliovunjwa na wazazi. Alisema kwa sauti ya kunihurumia, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Siku moja alinijia sokoni kutoka shule, mkono mmoja ameufumba.

"Mama, jino limetoka."

"Hebu nione. Lipi tena?"

"Si la mdomoni. La mguuni."

Alifungua mkono. Palikuwa na kipande cheupe, kirefu kidogo, kimechongoka upande mmoja. Alikuwa amesikia kitu kinamchoma ndani ya bandeji, akakivuta. Hakuwa na hofu. Kwa umri wake vitu vyeupe vilikuwa vikitoka mwilini na vingine vikiota mahali pao, akaona ni mambo yaleyale.

"Jipya litaota?" aliniuliza.

Mteja alikuwa mbele yangu na gunia lake limefunguliwa. Nilimwambia aende kwa mwingine. Nilikifunga kile kipande kwenye kona ya kitambaa cha kichwa, na mume wangu aliporudi nikakiweka mezani mbele yake. Alikiangalia bila kukigusa. Kesho yake hakwenda Ogwedhi. Tulikwenda Homa Bay wote watatu.

Daktari wa mifupa wa huko alikuwa mwanamke kijana, mwenye uso wa mtu ambaye hajalala. Alipiga picha, akaiinua kwenye mwanga, akatuonyesha. Ndani ya mfupa wa binti yangu palikuwa na mfupa mwingine, mweupe zaidi, umelala kama kijiti ndani ya bomba.

"Huu wa ndani umekufa," alisema. "Damu haiufikii, kwa hivyo dawa pia haiufikii. Vijidudu vimejificha hapo. Huu wa nje ni mpya, mwili umeujenga wenyewe."

"Basi utoe uliokufa," mume wangu akasema.

"Bado, baba. Huu mpya ni laini. Nikitoa ule leo, mguu utavunjika. Tungoje ukomae."

"Mpaka lini?"

"Mpaka picha ituambie."

Hakuna kilichonichosha kama kungoja huko. Kufua nilikuwa nimezoea. Lakini kumzuia mtoto asiruke, asikimbie, asibebe mtungi, kumwita kila anapochepuka, "Polepole! Keti!", hadi mimi mwenyewe nikaichukia sauti yangu. Mama mkwe ndiye aliyenipumzisha. Alianza kumchukua mchana, wanakaa pamoja kwenye mkeka wakichambua omena, dagaa wa ziwani, bibi akisimulia, mtoto akicheka. Hatukuzungumza kamwe juu ya lile neno la langoni. Aliponiona nikisinzia nimeshika sufuria, alinipokonya tu.

Upasuaji ulifanyika wakati wa kupanda. Walitoa mfupa uliokufa, wakasafisha shimo, wakafunga. Safari hii kidonda kiliziba kweli. Kwa miezi niliendelea kuamka na kumfunua mguu nikitafuta unyevu. Hapakuwa na kitu, ila kovu refu lililozama.

Ila vijidudu vilikuwa vimepaharibu mahali mfupa unapokulia, karibu na goti. Mguu mmoja unarefuka, mwingine umebaki nyuma. Sasa ana miaka kumi na mmoja, na fundi humwongezea soli kiatu cha kushoto. Kila anapokua, soli inapanda. Daktari anasema akishamaliza kukua watafikiria kuurefusha, na kwamba hata ule ugonjwa wenyewe unaweza kurudi akiwa mtu mzima. Alinieleza kwa upole. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali asipotaka kwenda.

Mvua zilizopita aliniambia mguu unauma ndani. Maneno yaleyale. Sikumwuliza ndani wapi. Nilifunga kibanda, tukaenda Homa Bay, akapigwa picha. Daktari aliitazama kwa muda, akasema mfupa uko sawa, labda ni mguu tu umechoka kwa kutembea.

Nilipaswa kushangilia. Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi la saruji. Binti yangu alisimama mbele yangu na kiatu chake kirefu, akiangalia upande wa wauza chapati.

"Mama, twende basi. Nasikia njaa."

"Nenda ununue," nikamwambia. "Mimi niache hapa kidogo."

Akaenda. Nilimtazama akishuka ngazi, akitanguliza mguu mzima, na sikumwambia polepole.