Siku Kairu Alipozuia Maziwa

Nilikuwa bado sijaingia darasa la tatu nilipoonja samaki kwa mara ya kwanza, na nyumbani kwetu, kwenye miinuko ya Embu, hilo halikuwa jambo dogo. Cucu yangu Ciarunji, mama yake baba, alisema samaki ni nyoka aliyekimbilia majini, na mkono uliomshika ukimgusa ndama, mama yake atazuia maziwa. Alisema hivyo bila kupaza sauti, kama mtu anayesema mvua itanyesha alasiri.

Ugumu ni kwamba baba aliishi kwa samaki. Jina lake lilikuwa Nyaga, na kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni waliokuja kuvua trauti katika mto Rupingazi. Nasema Rupingazi, Kapingazi ni mto mwingine, ingawa watu huichanganya. Trauti hakuwa samaki wa kwetu. Wazungu walimleta, wakamtia katika mito ya mlima. Baba hakushika fimbo zao za kuvulia, ila alijua samaki wako wapi kila msimu. Aprili, maji yakiwa mekundu kwa mvua, aliwaambia wageni wakae kwao. Julai na Agosti, ukungu ukiwa bondeni na maji yakiwa safi, aliwapeleka asubuhi, akawaonyesha jinsi ya kusimama ili vivuli vyao visianguke mtoni. Januari mto uliposhuka, samaki walijificha kwenye vina chini ya maporomoko, na wageni wakapungua.

Akitoka mtoni hakuingia uani kabla ya kunawa kwa majivu, aliyoyaweka katika kigae kando ya lango. Hayo yalikuwa masharti ya cucu.

"Siku harufu hiyo itakapoingia kwangu," alimwambia mbele yetu, "kazi yako imekwisha, Nyaga."

"Nimesikia, mama."

Mwaka huo mama yangu alikuwa amelazwa hospitalini, na dada yangu Muthoni, mtoto wa miezi minne, aliishi kwa maziwa ya Kairu, ng'ombe wetu mweusi. Aliyemkamua ni jirani yetu Wanjira, mjane asiye na mtoto. Tulimwita tata, yaani shangazi, kwa heshima. Alikamua asubuhi na jioni, na saa zilizobaki Muthoni alikuwa mgongoni mwake. Kazi yangu ilikuwa kumleta ndama, kwa sababu Kairu, kama ng'ombe wengi wa zamani, hakuteremsha maziwa kabla ya kumlamba mwanawe.

Adhuhuri moja ya Januari niliwakuta trauti wawili wamenaswa katika kidimbwi kati ya mawe, maji yamewakimbia. Niliwashika kwa mikono. Nikawasha moto mdogo, nikawachoma, nikamla mmoja. Nilitarajia ladha ya kutisha, ilikuwa tamu. Wa pili nilimfunga kwa jani la mgomba, nikamficha kwenye paa la nyasi la kibanda cha ndama, mahali pa chini ambapo mtu mzima hachungulii. Kila nilipokwenda kumfungua ndama, nilimega kidogo. Mikono nilinawa kwa maji. Majivu sikuyafikiria.

Jioni ile Kairu alimnusa ndama, akageuza kichwa, akapiga teke. Tata Wanjira alimbembeleza, akamwimbia, akampaka samli kwenye chuchu. Hakutoa hata tone. Asubuhi ikawa vilevile, na jioni pia. Muthoni alinyweshwa uji mwepesi, akautapika. Siku ya pili hakuwa na nguvu za kulia; alikunja uso tu, kimya.

Cucu alianza na baba.

"Umeniletea mto nyumbani."

"Mama, sijafika mtoni tangu juma lililopita. Maji yako chini, wageni hawaji."

"Lete mikono."

Aliinusa yote miwili, kila kidole. Kisha akaiachilia na kumgeukia tata Wanjira, aliyesimama na mtoto mgongoni.

"Ni nani mwingine anayemgusa Kairu?"

"Unajua ni mimi, mama."

"Najua zaidi ya hayo. Najua unavyomtazama mtoto huyu."

"Namtazama kwa sababu nambeba."

"Basi mtue."

Baba alitazama chini. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, nimeshika kamba ya ndama, na ulimi wangu ulikuwa na ladha ya samaki. Tata Wanjira alifungua leso, akamweka Muthoni mapajani mwa cucu.

"Mfunike miguu," alisema. "Inapata baridi upesi."

Akaenda zake.

Kesho yake niliamka mapema ili nikamtupe yule samaki. Jani halikuwepo. Nguzo za kibanda zilikuwa zimesuguliwa kwa majivu, na kwenye pua ya ndama palikuwa na weupe ambao haujakauka. Cucu alikamua mwenyewe. Kairu alimlamba ndama, na maziwa yakashuka.

"Mmeona," cucu alisema. "Ni jicho la Wanjira."

Kufika saa sita kijiji kizima kilikuwa kimesikia.

Muthoni alipona, leo ana wajukuu. Tata Wanjira hakukanyaga tena kwetu. Akikutana nasi njiani na mtoto, alivuka upande wa pili na kutazama mashamba, ili mtu asije akasema amemtazama.

Kwa miaka mingi niliamini kosa lile ni langu peke yangu. Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, nilipoanza kuyafikiria yale majivu. Nyumbani kwetu mtu mmoja tu ndiye aliyeondoa harufu ya samaki hivyo. Mtu huyo aliijua harufu ile kuliko sisi sote, na nashuku aliinusa tangu jioni ya kwanza, Kairu alipopiga teke. Angeweza kusema, "Mtoto amekula samaki." Lakini samaki wangetajwa, na kazi yake ingekwisha, ile ile iliyonipeleka shule na kunifundisha kuandika haya. Sina ushahidi mwingine. Sikumuuliza, naye hakuniuliza. Tuliketi pamoja kwenye moto mmoja mpaka alipofariki, nami nilimpenda.

Sasa mjukuu wangu Murithi anawaongoza wageni katika mto ule ule. Wageni wake huwapiga samaki picha na kuwarudisha majini. Akirudi namwonyesha kigae cha majivu, naye hucheka.

"Guka, siku hizi kuna sabuni."

"Tumia sabuni, kisha majivu."

Anadhani namwogopa nyoka wa cucu. Bwana mifugo mmoja aliwahi kunieleza kwamba ng'ombe anaweza kumkataa ndama mwenye harufu ngeni. Basi kuhusu ng'ombe, cucu hakukosea. Alikosea kuhusu mtu, na sisi wawili tuliojua tukamwacha akosee.

Wazee wachache waliobaki kijijini wakimtaja marehemu tata husema "yule wa jicho". Jina lake lilikuwa Wanjira wa Njagi. Hakuwa na jicho lolote ila la kutazama kama miguu ya mtoto imefunikwa.