Ng'ombe Aliyekatazwa Kisu

Ng'ombe wa jirani yangu hapa Gasenyi alitupa mimba asubuhi, na ilipofika adhuhuri alikuwa akitoka damu puani. Homa ya Bonde la Ufa ilikuwa imeingia nchini, na uchinjaji ulikuwa umekatazwa. Jirani alinoa kisu upesi, ili amchinje kabla hajawa mzoga. Nilisimama kati yake na mnyama, mimi mkaguzi wa nyama niliyestaafu.

“Mzee, we uko retraite. Muhuri ya nyama ulisharudisha.”

“Muhuri nilirudisha. Macho apana.”

“Tutaipika sana, mzee.”

Kosa hilo nililipinga miaka yote niliyokagua nyama: watu hutegemea moto wa jiko, ilhali ugonjwa huo humwingia mchinjaji kwa damu mbichi, kabla sufuria haijawekwa mekoni. Naye alikuwa na jeraha bichi kidoleni. Nilimwonyesha jeraha hilo. Alilitazama, ng'ombe akihema nyuma yangu, kisha akaweka kisu chini.

Ng'ombe alikufa kabla ya alasiri. Daktari wa mifugo wa komine, serikali yetu ya hapa, niliyempigia simu mara tatu, alifika jioni kusimamia mzoga ufukiwe shimoni kwa chokaa. Jirani hanisalimu hadi leo. Naandika haya ili ijulikane kwamba yu mzima.