Nilimwambia Nesi Mtoto wa Kike Hana Tezi

Kosa ni langu na sitaki kulizungusha. Sikulogwa, sikulewa, sikudanganywa na mtu. Nilipigiwa simu mchana kweupe, nikaelezwa jambo la mwanangu kwa Kiswahili kabisa, nami nikaligeuza kichekesho.

Mimi ni fundi wa injini za mitumbwi huku Murangi, kandokando ya ziwa. Jina langu halitawasaidia. Mtoto nitamwita Nyangeta, ingawa silo jina lake. Ndiye mtoto wetu wa kwanza.

Alizaliwa Musoma mjini, salama salimini. Ila macho yake yalikuwa ya manjano, na hiyo manjano ikagoma kuisha. Alipofikisha wiki ya tano tukamrudisha hospitali. Daktari akamtazama ulimi, akamgusa kitovu kilichokuwa kimechomoza, akauliza anapataje choo. Akaagiza damu. Alisema ni kipimo cha homoni, damu inapelekwa Mwanza, na majibu yakitoka tutapigiwa. Kwenye fomu wakaandika namba yangu kwa sababu simu ya mke wangu ilikuwa imepasuka kioo.

Sikuuliza homoni ni kitu gani. Nilichokuwa najua mimi ni kwamba kuku wa kisasa wanakuzwa kwa homoni, basi.

Mke wangu akachukua mtoto akaenda kwa mama yake Mugeta, upande wa Bunda, akapumzike na kuangaliwa. Mimi nikabaki na kazi. Tukawa tunaongea kwa simu ya mama mkwe. Kila nikiuliza habari za mtoto jibu lilikuwa lilelile, kwamba analalaga tu, halii, hasumbui, hata kunyonya mpaka aamshwe. Mama mkwe alifurahi. Alisema mjukuu wake amechukua upole wa bibi aliyempa jina. Mimi nilijisifu mbele za watu kwamba nimepata mtoto asiye na kelele.

Hapo ndipo najishangaa. Kazi yangu ni injini. Mvuvi akija kuniambia injini imekuwa kimya, siku hizi haina kelele, simwambii ashukuru Mungu. Namwambia alete nifungue.

Majibu yalitoka Nyangeta akiwa na wiki saba. Nilikuwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mikono yote imejaa oili; jamaa mmoja akanishikia simu, nikaibonyeza kwa kidole changu cha mwisho na kuiweka sauti ya nje. Wavuvi kama wanane walikuwa wamenizunguka. Sauti ya dada mmoja ikasema anapiga kutoka hospitali, majibu ya mtoto yametoka, tezi yake haifanyi kazi vizuri, tumlete haraka.

Sasa elewa. Huku kwetu ukitaja tezi, mtu anajua kitu kimoja tu: tezi dume, ule ugonjwa wa wazee wa kushindwa kukojoa. Tena baba yangu mdogo alikuwa amepasuliwa tezi hospitali ileile, miezi miwili nyuma, na jina la ukoo ni moja. Kichwani nikamaliza hesabu palepale. Wamechanganya mafaili.

"Dada, huyo mtoto ni wa kike," nikasema. "Tezi ataitoa wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akakaa chini kabisa kwenye mchanga. Yule nesi akasema, "Baba, siyo hiyo tezi, nisikilize kwanza," lakini nilikuwa nimeshaonja utamu wa kuchekesha watu. Nikamwambia akaangalie faili la mzee vizuri, nikamwambia yule jamaa akate simu.

Akapiga tena jioni. Sikupokea. Namba nilikuwa nimeshaihifadhi kwa jina la Nesi Tezi, na kila ikiita wenzangu walikuwa wanashika mbavu. Alipiga kesho yake. Akapiga na keshokutwa.

Mwisho akatuma ujumbe. Naukumbuka neno kwa neno: "Baba wa mtoto njoo hospitali, TSH iko juu sana."

Mimi TSH naiandika kila siku. Plagi TSH, pampu TSH, kufungua injini TSH. Nikajua hapa sasa nimemkamata, huyu ni tapeli, anataka pesa, na tayari ameanza kunitisha kuwa bei iko juu. Jumbe za namna hiyo tunazipata kila wiki. Nikafuta.

Kumbe TSH ni jina la homoni. Ikipanda namna ile kwa mtoto mchanga, ina maana mwili unapiga kelele kuiita tezi ifanye kazi, na tezi haiitiki. Haya nimeyajua baadaye. Wakati ule nilijua shilingi.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema ni ujinga, na ujinga husamehewa. Sasa sikiliza lililobaki.

Wiki ile mke wangu alinipigia. Aliuliza, "Hospitali hawajapiga?"

Kumweleza ilikuwa habari ndefu, na simu ilikuwa ya mama yake. Nikamjibu, "Wamepiga. Majibu safi, mtoto hana kitu."

Akasema asante Mungu. Nikamsikia akimwambia na mama yake. Sentensi moja tu hiyo, na nilipoisema nilikuwa natafuna karanga.

Walirudi Murangi mtoto ana miezi mitatu. Shingo haikuwa imekaza. Mke wangu alisema mtoto mbona hivi, nikamkumbusha majibu safi. Miezi sita hakai. Ngozi kavu, ulimi umetokeza kidogo mdomoni, ukimsemesha anakutazama kama anakuona kwa mbali. Nikamkumbusha tena majibu safi. Nadhani kufikia hapo na mimi nilikuwa nimeyaamini.

Miezi tisa ilitukuta tuko Mwisenge, Musoma mjini, kwa dada yangu. Mke wangu akampeleka mtoto chanjo ya surua, na pale kliniki wakamwambia arudi hospitali siku hiyohiyo, na baba awepo. Nikaenda.

Nesi mmoja alikuwa mezani, mama wa makamo. Akafungua daftari, akatafuta jina la mtoto, akafika mahali akasimamisha kidole. Akasoma namba yangu ya simu. Akaniuliza kama ni yangu. Niliitambua sauti yake kabla sijajibu.

"Nilipiga mara nne," akasema. Hakugomba. Afadhali angegomba. "Wewe ndiye uliniambia mtoto wa kike hana tezi, watu wakacheka."

Mke wangu akageuza kichwa akanitazama.

Walichukua damu tena, wakampima shingo kwa ultrasaundi. Yule nesi ndiye aliyetueleza. Aliweka vidole kooni pake, chini kidogo ya koromeo, akasema, "Tezi ninayoisema ni hii hapa. Mimi ninayo. Wewe unayo. Mtoto wako ndiye hana, amezaliwa bila."

Kwa hiyo nilikuwa nimesema kweli.

Daktari alisema dawa ipo. Ni kidonge kidogo cha homoni, kila asubuhi, maisha yake yote. Mwili utachangamka, atakua. Nikauliza na akili? Akasema ubongo wa mtoto unaihitaji hiyo homoni tangu siku za mwanzo kabisa, na miezi iliyopita hairudi. Angeanza zile wiki za mwanzo, akasema, pengine angekuwa kama watoto wengine. Aliposema hivyo nilikuwa naangalia kalenda ukutani. Sikulia. Mpaka leo sijalia, na siyo kwa ushujaa. Hakuna kitu kinachokuja.

Tulirudi Murangi, mke wangu amembeba mtoto. Alimlaza mtoto, akakaa kitandani, akauliza swali moja.

"Baba Nyangeta, na wewe ulicheka?"

Nikasema ndiyo.

Hakuniacha. Watu wanadhani adhabu ni kuachwa. Alichofanya ni kunikabidhi dawa. Tangu siku ile hajawahi kuigusa. Kila asubuhi kabla mtoto hajala chochote, nasaga kidonge kati ya vijiko viwili, natia matone ya maji, namnywesha. Mikono yangu inanuka petroli hata nikinawa. Ananywa, ananitazama, anatabasamu. Tabasamu analo sasa.

Ana miaka minne. Ametembea mwaka huu. Maneno yake ni matatu, na moja kati ya hayo ni mimi ninayelielewa peke yangu. Watoto wa rika lake wanamtuma amlete mbwa, wanamcheka akienda kwa mbuzi.

Mke wangu ananipikia, ananiitikia, kanisani tunakaa benchi moja. Nikimwambia jambo lolote, hata kwamba mvua inakuja, anatoka nje kuangalia mwenyewe.

Na mwaloni sijasema. Wanajua mtoto ana shida, hawajui ilianzia wapi. Mpaka leo kazi ikipoa kuna mmoja atasema, "Fundi, hebu tukumbushe ya yule Nesi Tezi." Na mimi nawasimulia. Nafika pale pa tezi ataitoa wapi, wanaanguka, na mimi nacheka nao. Ndiyo maana nimeandika huku, kwa watu nisiowajua.

Wewe mwenye mtoto mchanga, ukipigiwa simu na hospitali, futa mikono, zima sauti ya nje, sogea pembeni na watu. Ukiambiwa neno unalodhani unalijua, hapo ndipo uulize zaidi. Na mkeo akikuuliza wamesemaje, mpe maneno yaleyale waliyoyasema, hata kama huyaelewi. Wangu angeelewa.

Mimi ningeuliza maneno mawili tu: tezi ipi? Wavuvi wangesubiri kucheka.