Ambasadere Wetu na Fimbo Niliyoiacha Lubondja

Mimi masomo yangu yaliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikaa miaka miwili. Kwa hiyo ninyi wenye kusoma mutanisamehe nikitoka kidogo pembeni ya njia. Njia naijua, nitarudi.

Mtoto wa marehemu kaka yangu ni ambasadere, wale ambao redio inawaita mabalozi. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, basi niseme wazi: mtoto wangu ni ambasadere. Nikisema hivyo hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, watu wanaangalia kwanza kandambili zangu, halafu wanacheka. Wacheke. Kweli haivai viatu.

Alizaliwa Bukavu, akasomea Kinshasa, kisha serikali ikaanza kumtupa huku na huku: mara kwa Waarabu, mara Ulaya kwenye baridi ya kupasua midomo, na sasa yuko mbali kule Asia, katika nchi ambayo jina lake nalitamka vizuri asubuhi tu, kabla sijachoka. Kazi yake alinieleza. Ukifika huko hauanzi kazi. Uko na barua ya Rais wetu, na unangoja mpaka mkubwa wa kule akuite aipokee kwa mikono yake. Unaweza kungoja mwezi mzima, uko pale na hauko. Na kwenye sikukuu zao maambasadere wanapangwa kwa kutangulia kufika, hawaangalii ukubwa wa nchi. Wa kisiwa kidogo cha watu wachache, kama alitangulia kufika, anasimama mbele ya wa nchi kubwa. Hilo lilinipendeza sana, ni kama bidoni zetu za maji kwenye foleni pale bombani. Lakini akaniambia pia kwamba kwenye karamu zao wanakula wamesimama. Hapo nilimhurumia mtoto wa kaka yangu.

Kiangazi kilichopita alikuja likizo, akalala kwangu siku kumi. Lupango yangu, ua huu mdogo na nyumba yake, ikageuka ofisi ya serikali! Watu walifika na makaratasi, na picha ndogo za uso, na mbuzi mmoja. Mama mmoja wa Nundu alitaka viza ya Kanada.

"Mama, miye niko ambasadere wa inchi moja tu, na haiko ile."

"Sawa, mwanangu. Basi uambie benzako."

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, nilitaka kuwaambia habari ya posa.

Kitinda mimba wangu ni mwalimu kule Nundu. Ndevu zake zimeanza kuota mvi na hajaoa, kwa sababu posa yake ya kwanza ilivunjika wakati tulipokuwa tunakimbia-kimbia vita, na tangu hapo alifunga moyo. Halafu akamwona binti mmoja muuguzi palepale Nundu, wazazi wake watu wa Lubondja, walimaji. Akaja akaniambia, "Baba, hii ikivunjika, sitatafuta tena mwingine." Huyu mtoto hasemi maneno mengi, na akisema neno, ndilo hilo.

Sasa mimi, kusema posa ndiyo kazi niliyoijua maisha yangu yote. Nimesemea familia za watu kutoka hapa mpaka Fizi. Lakini kwa mtoto wako mwenyewe desturi inakufunga kinywa. Baba anakwenda, anakaa, ananyamaza. Akisema hata neno moja, watasema kijana hana ukoo, baba yake anajiombea mwenyewe kama mtu wa njiani. Na mwenzangu ambaye angetusemea alikuwa amelala na ugonjwa wa kifua. Dada zangu wakasema, "Tuko na muntu serikali inamulipa asemee inchi muzima, na munatafuta mwengine?"

Nilipaswa kumkalisha yule ambasadere nimfundishe. Sikumfundisha. Niseme ukweli: nilimwonea haya. Mtu wa darasa la nne amfundishe ambasadere kusema? Kosa lilikuwa hapo, na lilikuwa langu.

Tukapanda Lubondja kwa jeep ya kukodi, yeye, mimi na dada zangu wawili. Njia ilikuwa tulivu mwezi ule, Mungu asifiwe. Walitupokea vizuri, wakatupa viti. Msemaji wao alikuwa mjomba wa binti, mzee mwembamba ndani ya koti kubwa, macho yake yanacheka kabla ya mdomo.

"Tumebaona," akasema. "Munatafuta nini huku kwetu?"

Ambasadere akasimama. Msemaji hasimami, lakini tuliache hilo. Akashukuru mapokezi, akashukuru ukoo, na maneno yalikuwa mazuri kweli, dada yangu mkubwa alipanguza jicho. Kisha akasema moja kwa moja tumekuja kuomba binti.

"Binti?" Mzee akageukia wenzake. "Munamujua binti hapa, bandugu? Siye tuko na batoto banaume na kuku tu. Mulipotea njia."

Mchi uliokuwa unatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba ukasimama. Sote tulijua ni mikono ya nani iliyosimama.

Wasioijua desturi yetu wanisikilize hapa. Ile "hakuna" ndiyo mlango wenyewe. Kila nyumba ya heshima inaisema mara tatu. Ukimtoa binti kwa ombi la kwanza, watu watauliza ana kasoro gani. Na wewe muombaji unacheka, unakaa vizuri zaidi kwenye kiti, unasema, sawa, tutaanza na kuku.

Ambasadere wetu akainamisha kichwa. "Tumesikia jibu lenu na tunaliheshimu. Nitalifikisha kwa familia."

Familia ilikuwa imekaa pembeni yake!

Akapeana mikono na kila mtu, wazee kwa vijana, akaenda zake kwenye jeep. Mzee wa koti alibaki kinywa wazi, maskini, alikuwa na "hakuna" mbili bado hajazitumia. Dada zangu wananiangalia. Mimi baba, kinywa kimefungwa. Nilimwona mwanangu mbele ya macho yangu, anazeeka peke yake na vitabu vya shule.

Ndipo mkono wangu ukakumbuka fimbo yangu ya kutembelea. Nikasimama polepole, nikaiegemeza ukutani kando ya mlango, mahali ambapo mtu hawezi kusema hakuiona. Nikatoka nikichechemea. Kwetu mtu aliyeacha fimbo yake ndani hajaondoka. Wakikurudishia nyumbani kwako, wamekataa, maneno yamekwisha. Wasipokurudishia, bado umekaa.

Ndani ya jeep akaniuliza, "Baba mudogo, si balikatala?"

"Hawakukataa. Walikusalimia tu."

Tulipoliona ziwa akasema, "Kwetu kule kazini, wakikuambia hapana na wewe unabaki umekaa, ni matusi."

"Kwetu ukiondoka ndiyo matusi," nikamjibu. Akafunika uso kwa mikono miwili, na mimi, jamani, nikacheka. Nilikuwa na hofu, lakini nilicheka.

Siku tatu tulikuwa tunasikiliza moto, hizi pikipiki za kubeba watu. Kila moto iliyotoka upande wa Lubondja ilinitoa nje. Mwanangu alikuja kutoka Nundu, akakaa barabarani na daftari za wanafunzi, eti anasahihisha. Ukurasa ulikuwa uleule asubuhi na jioni. Siku ya tatu moto ikaja imebeba kitu kirefu kimefungwa kwa pagne, kitenge cha mama. Kalamu ikamponyoka. Kumbe ni kasia, mvuvi jirani yetu alikuwa ameagiza. Nilitamani kumpiga nalo.

Siku ya nne moto nyingine ikasimama kwangu. Dereva mikono mitupu. "Muzee wa Lubondja anasema fimbo yenu haijui kulima na iko inajaza nyumba. Mukuje kuichukua. Na ule mwenye suti akuje naye, bado habajamaliza kumuambia hapana."

Mwanangu alikwenda nyuma ya nyumba peke yake. Sikumfuata.

Mchana ule nilimfundisha ambasadere. Haya yangu niliiweka chini. Tuliweka viti viwili uani, mimi nikawa mzee wa koti, nikamkatalia mpaka sauti ikanikauka. Yeye aliandika kwenye kijitabu! Mtu aliyepeleka barua kwa wafalme, anaandika: usisimame, usishukuru mapema, cheka.

Tukapanda tena. Fimbo yangu ilikuwa palepale ukutani, hakuna aliyeigusa.

"Mulirudi?" mzee akasema. "Si tulibaambia hakuna binti?"

Ambasadere akajinyoosha kwenye kiti, akavua viatu. Viatu vile! Nilitazama kando nisicheke.

"Hakuna, ndiyo. Basi, muzee, tutangoja hapahapa mpaka mumuzale."

Nyumba nzima ililipuka. Mzee akapiga koti lake kwa furaha, akasema "hakuna" ya pili huku anapanguza machozi, na ya tatu haikusikika vizuri kwa vigelegele vya dada zangu. Kisha akageuza uso upande wa jikoni, akaita kwa sauti:

"Weye ambaye hauko! Leta fimbo ya muzee, anataka kwenda."

Binti akatoka, mikono bado ya kijani kwa sombe. Akaichukua fimbo pale ukutani, akaipanguza kwa pagne yake, akapiga goti, akanipa kwa mikono miwili, kama mke wa mwana anavyompa baba mkwe. Sikuwa na ruhusa ya kusema neno. Niliishika, na nikabaki nimekaa.