Boliti za Silinda Hedi

Fundi akianza kukaza boliti za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, hasemi na mtu. Huanzia katikati akielekea pembeni, huku na huku, kila moja kidogo, kisha duru nyingine, mpaka spana ya kupimia mkazo ilie "tiki" ndipo ashushe pumzi. Mwenye lori, mume wa dada yake, alivumilia hadi duru ya mwisho.

"Shemeji, si zimeshakaza hizo? Nyanya zinaniozea!"

Fundi akamtazama, akaitazama injini. Hakukumbuka ameishia ipi. Akazilegeza zote, akarudi katikati.

Mke wa mwenye lori alipofika, alimkuta mumewe amesimama langoni mwa gereji, kidole mdomoni.

"Kuna msiba humo?"

"Kuna boliti," alinong'ona. "Vua viatu."