Anko alitia maji ya bomba kwenye gari la Mama

Nina hasira, na si kwa sababu ya baridi.

Wiki nzima hita ya gari la Mama imekuwa ikipuliza hewa baridi. Mama ni muuguzi. Anaendesha kutoka Woodbridge hadi Fairfax, huku ughaibuni kwenye baridi kali, akiwa amevaa glavu mbili mbili.

Nilisoma kitabu cha gari, ukurasa kwa ukurasa. Nikafungua boneti. Kulanti, ile dawa ya kijani ya rejeta isiyoganda, ilikuwa imepungua. Nikamwambia Mama tununue.

Lakini jana baada ya ibada akaja Anko Musa. Si ndugu yetu, ila magari yote ya kanisani yanapita mikononi mwake.

"Kulanti ni starehe," akasema. "Kwetu gari linakunywa maji mpaka Kisumu, na halijawahi kulalamika."

Nikasema, kwa sauti yangu ile ndogo, "Anko, huku maji yataganda."

"Profesa, rudi kwa vitabu vyako."

Wote wakacheka. Hata Mama. Anko akamimina jagi mbili za maji ya bomba kwenye rejeta.

Leo asubuhi tulifika taa za kwanza za barabarani tu. Injini ikachemka, hita bado baridi. Mama amekosa kwenda kazini.

Anko akaja, akachungulia, akakuta barafu kwenye rejeta. "Nani aliweka maji hapa?"

Mama akanikanyaga mguu ninyamaze.

Nikajibu: "Ni wewe, Anko."

Sasa Mama anataka nimwombe Anko msamaha Jumapili, mbele ya watu. Mngeomba?

Mimi nitaomba. Ila nitakwenda na kitabu cha gari, nimsomee ukurasa wenyewe wa kulanti.